Gari likianguka ukaguzi si la kurejeshwa barabarani

KILA alfajiri, kabla jua halijachomoza, matatu huanza kujipanga Satellite zikiwasubiri wafanyakazi wanaoelekea katikati ya jiji la Nairobi. Abiria huuliza mambo mawili tu: nauli ni ngapi, na gari litaondoka saa ngapi. Ni nadra abiria kuuliza iwapo gari hilo limekaguliwa, na ni nadra zaidi kuuliza iwapo lilikaguliwa likaanguka.

Hata hivyo, swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito mkubwa. Gari ambalo halijapelekwa kukaguliwa huenda likawa zima au bovu, hakuna ajuaye. Lakini gari lililokaguliwa na kukataliwa lina ubovu unaojulikana, uliobainishwa na mtaalamu na kuandikwa. Mwenye gari anapolirudisha barabarani hawezi tena kujitetea kwamba hakujua. Hapo ndipo sheria humbana pande tatu: jinai, bima na fidia.

Sheria inasemaje

Sheria ya Trafiki, ambayo ni Sura ya 403 ya Sheria za Kenya, inahitaji magari ya uchukuzi wa umma, magari ya biashara na gari lolote lililopita miaka minne tangu kuundwa kwake yakaguliwe. Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa polisi kwa miaka mingi, kabla ya kuhamishiwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012. Kwa wakazi wa Nairobi, kituo kinachojulikana zaidi ni kile cha barabara ya Likoni katika Eneo la Viwanda.

Kwa matatu na magari ya biashara, ukaguzi hufanywa kila mwaka. Bila cheti hicho, mwenye matatu hawezi kupata leseni ya kuhudumu barabarani. Wamiliki wa magari ya kibinafsi, kwa upande wao, hawakufuatiliwa kwa miaka mingi licha ya sheria kuwataja, na wengi wao hukutana na mkaguzi pale tu wanapobadilisha injini au rangi ya gari, au baada ya ajali. Katika miaka ya hivi karibuni serikali imechapisha rasimu za kanuni zinazolenga kuwaleta nao katika utaratibu huo.

Mkaguzi hutazama viungo ambavyo vikikosa kazi, maisha hupotea. Miongoni mwavyo ni breki, usukani, tairi, springi, taa, vioo, mikanda ya usalama, hali ya bodi na moshi unaotoka kwenye injini. Kwa matatu huongezwa kidhibiti mwendo. Gari likianguka, mwenyewe huelezwa kasoro zilizopatikana ili akazirekebishe na kulirejesha likaguliwe upya.

Makosa mawili tofauti

Wengi hudhani kwamba kuendesha gari lililokataliwa ni kosa moja tu, yaani kukosa stika. La hasha. Kuna makosa mawili, na adhabu zake hazilingani hata kidogo.

Kosa la kwanza ni la karatasi. Kwa mujibu wa kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka wa 2016, kuendesha gari bila cheti halali cha ukaguzi ni kosa ambalo faini yake ni Sh10,000. Hata gari lililo zima kabisa laweza kumtia mwenyewe mashakani kwa kosa hili, mradi cheti chake kimepitwa na wakati.

Kosa la pili ni la hali ya gari lenyewe. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki kinapiga marufuku kutumia barabarani gari ambalo hali yake inahatarisha watu. Adhabu yake, iliyo katika kifungu cha 58, ni faini isiyozidi Sh400,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Sheria haimlengi dereva pekee, bali yeyote anayeliendesha au kulitumia gari hilo. Mmiliki anayeketi nyumbani akingoja hesabu ya jioni hana pa kujificha.

Tofauti hii ina maana nyingine muhimu. Cheti ni ushahidi wa hali ya gari siku ile lilipokaguliwa. Hakimlindi mwenye gari ambalo tairi zake zimelika miezi sita baadaye. Vivyo hivyo, ile hila ya kale ya kuazima tairi nzuri kwa ajili ya siku ya ukaguzi, kisha kuzirudisha zile kuukuu, humpa mwenye gari stika lakini haimpi kinga. Polisi wana mamlaka ya kulisimamisha gari na kulichunguza wakati wowote, liwe na stika au lisiwe nayo.

Ajali ikitokea

Madhara makubwa zaidi hujitokeza ajali ikitokea. Madereva wengi waliofikishwa mahakamani wamejitetea kwa kusema kwamba breki zilikatika ghafla. Utetezi huo unaweza kusikizwa iwapo ubovu ulikuwa umejificha na mwenye gari alikuwa akilitunza ipasavyo. Lakini iwapo siku chache kabla ya ajali mkaguzi aliandika kwamba breki ni mbovu, neno “ghafla” halina nguvu tena. Karatasi ile ile ambayo mmiliki aliikunja na kuitia mfukoni hugeuka kuwa ushahidi dhidi yake.

Mtu akifa, mambo huwa mazito zaidi. Kifungu cha 46 kinaweka adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 10 kwa anayesababisha kifo kwa kuendesha gari kwa namna ya hatari, au kwa kuliacha gari barabarani likiwa katika hali inayohatarisha umma.

Upande wa bima ndio usioeleweka na wengi. Kuna uvumi kwamba gari lisilo na cheti cha ukaguzi likimgonga mtu, majeruhi hatalipwa chochote. Sheria ya bima ya magari kwa hasara za watu wengine, Sura ya 405, haisemi hivyo. Inatamka kwamba kampuni ya bima haiwezi kutumia sharti linalohusu hali ya gari kama kisingizio cha kumnyima majeruhi haki yake. Mpita njia aliyegongwa Kawangware hana namna ya kujua breki za gari zikoje, na si haki aadhibiwe kwa ubovu usio wake. Fidia hiyo hata hivyo ina kikomo cha Sh3 milioni kwa dai la mtu mmoja.

Lakini habari hiyo njema kwa majeruhi ni habari mbaya kwa mwenye gari. Sheria iyo hiyo inairuhusu kampuni ya bima, baada ya kumlipa majeruhi, kumgeukia mteja wake na kumdai pesa hizo. Kiasi chochote kinachozidi kikomo hicho pia humwangukia yeye. Na kwa hasara ya gari lake mwenyewe, mikataba mingi ya bima humtaka mteja alitunze gari liwe katika hali nzuri. Asipofanya hivyo, anaweza kunyimwa malipo. Hivyo mtu aliyekwepa gharama ya kukarabati breki anaweza kupoteza gari, akiba na hata shamba.

Kwa nini hurudishwa

Ikiwa hatari ni kubwa kiasi hicho, mbona magari mabovu hayaishi barabarani? Jibu liko katika hesabu ya kila siku. Chukua mfano wa mwenye matatu ambaye amenunua gari lake kwa mkopo. Mkopo haulali. Gari likikaa karakana siku nne, ni siku nne bila mapato, na juu yake kuna gharama ya vipuri na malipo ya fundi. Dereva na utingo nao hulipwa kwa siku, hivyo nao hushawishika kulitoa gari. Kila mmoja hujiambia kwamba litapiga safari chache tu, kisha litatengenezwa mwisho wa wiki.

Umri wa magari nao huchangia. Kenya hutegemea sana magari yaliyotumika ng’ambo, hasa Japan. Kwa mujibu wa kiwango KS 1515 cha mwaka wa 2000, gari kuukuu haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limepitisha miaka minane, na ni sharti likaguliwe kabla ya kusafirishwa. Lakini likishaingia, hutumika kwa miaka mingine mingi, na vipuri vyake, vingine vilivyokwisha kutumika, husakwa katika maduka ya barabara ya Kirinyaga, eneo ambalo wengi hulijua kwa jina la Grogan.

Wakenya wamewahi kuonja uchungu wa ukaguzi mkali. Kanuni zilizotolewa mwaka wa 2003 na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilianza kutekelezwa Februari 1, 2004. Matatu zilitakiwa kuwa na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama na mstari wa manjano ubavuni. Magari yasiyotimiza masharti yaliondolewa barabarani, foleni ndefu zikashuhudiwa katika vituo vya ukaguzi, na maelfu ya wakazi wa Nairobi wakatembea kwa miguu hadi kazini. Wengi walilalamika, lakini wengi pia walikubali kwamba magari yaliyorudi yalikuwa na nidhamu kuliko yale yaliyoondoka.

Afanyeje mwenye gari

Gari likianguka ukaguzi, jambo la kwanza ni kusoma orodha ya kasoro kwa makini na kutenganisha zile za hatari na zile ndogo. Kioo kilichopasuka kidogo si sawa na usukani uliolegea. Kwa kasoro za breki, usukani au tairi, njia ya busara ni kulivuta gari hadi karakana kwa gari la kuvutia, hata kama safari ya kutoka barabara ya Likoni hadi Satellite yaonekana fupi. Kati ya vituo hivyo viwili kuna jiji zima, pamoja na watoto wanaovuka barabara wakienda shule.

Pili, ni vyema mwenye gari ahifadhi stakabadhi za vipuri alivyonunua na malipo ya fundi. Hizo ndizo zitakazoonyesha, endapo kutatokea kesi, kwamba alichukua hatua. Tatu, gari lirudishwe likaguliwe upya, kwani kutengenezwa pekee hakulipi cheti.

Uingereza, ambako ukaguzi wa lazima ulianza mwaka wa 1960, anayeendesha gari ambalo mkaguzi amelitangaza kuwa la hatari anaweza kutozwa faini ya hadi Pauni 2,500. Huko pia kuna mikopo na pia kuna haraka ya kufika kazini. Ila jibu la mkaguzi huchukuliwa kuwa la mwisho hadi ubovu urekebishwe.

Abiria naye ana nafasi yake. Stika ya ukaguzi hubandikwa kwenye kioo cha mbele ili isomwe, si kwa askari pekee. Anayepanda Satellite alfajiri anaweza kuitazama tarehe yake kabla hajaketi. Ikiwa imepitwa, matatu nyingine iko nyuma yake.