Wageni wa Hori ya Mida

Kila mwaka, majira ya baridi yanapokaribia nchi za kaskazini, ndege wengi huziacha nchi zile wakaja kwetu. Si baridi peke yake iwafukuzayo, bali njaa. Maana ardhi ikiganda, wadudu na minyoo hawapatikani tena. Wakati mzuri wa kuwatazama ni toka Septemba hata Novemba, na mahali pamoja pazuri ni Mida, hori ya bahari iliyo karibu na Watamu, pwani ya Kenya.

Mwezi wa Oktoba tulikwenda huko watu kumi na wawili, walimu na wazazi pamoja na watoto. Tulichagua saa ambayo maji yaanza kujaa, kwa kuwa maji yajaayo huwasogeza ndege karibu na ufuo. Yakipwa kabisa hutawanyika mbali matopeni. Tulitembea polepole, jua likiwa migongoni mwetu, pasipo kupaza sauti. Kwanza tuliwaona ndege walao kaa, weupe wenye migongo myeusi na midomo minene. Hao hutaga yai moja tu ndani ya shimo walichimbalo mchangani, katika pwani za Omani na Ghuba. Kisha tukaona vitwitwi wengi wenye midomo iliyopinda kidogo, wakidonoa matope bila kupumzika. Hao huzaliwa Siberia, kandokando ya bahari ya barafu.

Kijana mmoja alikuwa na manati mfukoni. Akasema, "Mwalimu, ndege hawa ni wengi, nikimpiga mmoja kuna hasara gani?"

Mwalimu hakumkemea, ila alimwambia, "Mwanangu, mtazame yule ambaye manyoya ya mgongo wake yana ukingo mweupe kama magamba. Huyo amezaliwa mwaka huu. Wazazi wake walitangulia kuondoka, naye akaja nyuma pamoja na makinda wenzake, maelfu ya maili, kwa njia asiyopata kuiona. Sasa amefika kwako, nawe ndiwe mwenyeji wake."

Kijana akanyamaza. Halafu akaomba darubini, wala hakuirudisha upesi.

Je, watu wamezijuaje safari hizi? Mwaka 1899 mwalimu wa shule katika mji wa Viborg, Denmark, jina lake Hans Christian Mortensen, aliwavika kwezi pete nyepesi za alumini miguuni, zenye namba. Wengine wakafuata mfano wake. Mwezi wa Mei 1911 mbayuwayu alivikwa pete Staffordshire, Uingereza; mwezi wa Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika ya Kusini. Na mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi tu!

Basi, wazazi na walimu, matembezi haya hayahitaji fedha nyingi. Chukueni daftari, mwandike tarehe, mahali, aina ya ndege na hesabu yao. Wafundisheni watoto kusimama mbali, maana ndege arushwaye mara kwa mara hupoteza mafuta ya mwili anayojiwekea kwa safari ya kurudi, ifikapo Aprili. Asiyeshiba kwetu hatafika kwao.