Feza ya kahawa ikichelewa: namna ya kusemezana kabla koperative haijavunjika

Kwenye koperative za kahawa kando ya Ziwa Kivu, tangu Kabare na Kalehe mpaka Idjwi na upande wa Minova, kuna neno moja tunalolisikia karibu kila mwaka kisha mavuno: "Komite imekula feza yetu." Kuna wakati neno hilo ni la kweli, na hapo haki ifuate njia yake. Lakini tumekaa mara nyingi na makaye mbele yetu, tukahesabu na wanachama wenyewe, na kukuta feza haijaliwa na mtu. Kahawa ilikuwa ingali njiani, ao mnunuzi hajalipa bado. Komite ilijua. Wanachama hawakujua, juu hakuna aliyewaambia.

Mwanachama aliyepoteza imani hataandika barua ya kulalamika. Ataficha gunia lake, na usiku atatafuta mtumbwi. Wazee wa ziwa wanajua vizuri biashara ile ya kuvusha kahawa Rwanda gizani, na wanajua nyumba zilizobaki na wajane juu ya upepo wa ziwa. Koperative nyingi za hapa zilianzishwa ili kahawa iuzwe mchana, kwa mizani, bila kuhatarisha maisha. Basi komite inaponyamaza, hatari ni kubwa kuliko makelele ya mkutano.

Hesabu isemwe mapema

Tuanze na hesabu, kwa sababu ugomvi mwingi unatoka hapo. Mama anapeleka kilo 100 za kahawa nyekundu kwenye stesheni ya kuoshea. Kisha kutolewa maganda, kuoshwa na kukaushwa kwenye meza, zinabaki karibu kilo 20 za parche. Parche ikikobolewa, zinabaki karibu kilo 16 za kuuza ngambo. Sasa mtu akisikia kwenye redio bei ya kahawa ya New York, anaizidisha kwa zile kilo 100 alizobeba kichwani. Lazima aone kama ameibiwa! Si ujinga. Amefanya hesabu kwa namba alizo nazo, na zile zingine hakupewa.

Kontena moja inabeba magunia 320 ya kilo 60, maana yake kilo 19,200. Ili kuijaza inahitajika karibu tani 120 za kahawa nyekundu, kutoka mashamba ya watu wengi. Halafu kahawa ikobolewe, ichaguliwe, ipate karatasi za serikali, ipande barabara mpaka bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam. Feza inarudi kisha miezi. Na kabla ya malipo ya pili kugawanywa, kunatoka mishahara ya stesheni, mafuta, magunia, usafiri, taksi na deni la benki pamoja na faida yake. Mnunuzi wa njiani yeye analipa papo hapo, mara moja, na habari imeisha.

Maneno haya yakisemwa mbele ya kahawa kuwa nyekundu, ni mafundisho. Yakisemwa baadaye, wakati watoto wamefukuzwa shuleni juu ya minerval, yanasikika kama uongo. Ni maneno yale yale. Kwa hiyo tunashauri komite ichukue ubao na chaki, iende kijiji kwa kijiji, na kumwacha mwanachama mwenyewe aandike hesabu. Isemwe pia malipo yatatoka kwa franka ao kwa dolari, na kama ni franka, ni kwa kiwango cha siku gani. Hapo ndipo tumeona watu wakishikana mashati.

Kisha mavuno, chagueni siku moja ya mwezi, kwa mfano siku ya soko, ambapo mtu wa komite anasimama na kutoa habari. Hata kama hana jipya. "Kontena ingali bandarini, mnunuzi hajalipa, tutarudia tena mwezi ujao" ni habari kamili. Siku akikosa kusimama, radio trottoir itasimama kwa nafasi yake, na ile haikosi jipya.

Kwenye mizani

Kahawa nyekundu inapaswa kutolewa maganda siku ile ile ilipochumwa, la sivyo inaanza kuchacha na utamu unapotea. Ndiyo maana jioni kwenye stesheni kuna haraka, watu wamechoka, mvua inakaribia, na mpimaji anajibu kwa ukali. Anamwaga kahawa ndani ya maji, zile zinazoelea anazitoa. Mama anaona kilo zake zinapungua bila kuelezwa.

Dakika moja ya maneno inatosha hapa. Mpimaji aseme: "Mama, hizi zinaelea juu mbegu yake haikujaa, ao mdudu ameingia. Tunazipima peke yake." Na koperative iwe imeamua mapema zinarudishwa kwa mwenyewe ao zinanunuliwa kwa bei ya chini, zisibaki pembeni hivi hivi, maana kahawa isiyo na mwenyewe inazaa mashaka. Uzito wa ndoo tupu utolewe mbele ya macho. Mpimaji atangaze kilo kwa sauti, mwenye kahawa ayarudie, karani aandike, na karatasi itolewe hapo hapo. Tunajua inachelewesha mstari kidogo. Ugomvi unauchelewesha zaidi.

Mtu akisimama na kusema "munatuibia"

Mbele ya mkutano mzima mwanachama anapaza sauti: "Prezidenti, munatuibia!" Prezidenti wengi wanajibu: "Wewe, kilo ngapi ulileta mwaka huu?" Watu wanacheka, yule anakaa chini. Inaonekana kama prezidenti ameshinda. Mwezi ujao yule mtu haleti kahawa, na jirani zake kumi pia.

Namna nyingine ni kurudia kwanza alichosema, bila kejeli: "Baba, nasikia unasema kilo zako za mwezi wa 4 hazikulipwa zote. Njo vile?" Mara nyingi atasahihisha mwenyewe: "Hapana, si zote, ni zile za siku ya mvua." Kutoka wizi wa jumla, mumefika kwenye siku moja na karatasi moja. Hiyo inaweza kuangaliwa. Kaye ifunguliwe mbele ya wote, ao siku ipangwe na itajwe palepale. Na kama kosa ni la karani, lisemwe hivyo bila kuzungushazungusha, na feza irudi.

Kuna neno moja tu ambalo kiongozi hawezi kulingoja liishe: neno la kabila. Mtu akianza "hawa watu wa kwenu" ao "tunajua munatoka wapi", kikao kisimamishwe wakati ule ule. Hapa kwetu Kivu hatuhitaji kuelezana sababu. Ugomvi wa kilo tatu ubaki ugomvi wa kilo tatu.

Tusisahau wale wasiosema. Kazi kubwa ya kuchuma na kubeba inafanywa na bamama, lakini mara nyingi jina kwenye kaye ni la bwana, naye ndiye anakuja siku ya kulipwa. Ugomvi huu unaanzia stesheni na kuishia nyumbani usiku. Koperative inaweza kuandika majina yote mawili, na kulipa mbele ya wote wawili. Kwenye mkutano, kama bamama hawanyanyui mkono, wapewe muda wakae kikundi chao kwanza, halafu mmoja alete neno la wote. Tumeona maswali ya maana sana yakitoka hapo, na mengi yalikuwa ya hesabu.

Nani akae katikati

Anayelalamikiwa hawezi kuwa mwamuzi. Inaonekana wazi, lakini tunakuta prezidenti anaita kikao cha kusikiliza malalamiko dhidi yake mwenyewe, na anakiongoza! Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria ya koperative ya OHADA, iliyopitishwa tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2010, inataka kuwe na chombo cha uangalizi kilicho mbali na wale wanaoendesha kazi. Ni hivyo kwa koperative ndogo inayoweza kuanza na watu 5, na kwa ile kubwa inayohitaji angalau watu 15. Sheria ile ile inasema kila mwanachama ana sauti moja, awe na sehemu nyingi ao chache. Aliye na miti 3,000 na aliye na 200 wanasikilizwa sawa.

Basi malalamiko juu ya komite yapelekwe kwa waangalizi. Mzee wa kijiji anaweza kualikwa, watu wanamheshimu, ila iulizwe kwanza kama si ndugu wa upande mmoja. Kila upande useme mpaka mwisho bila kukatwa. Kikao kisifanyike usiku, wala kisha kasiksi. Na feza ikiwa imeibiwa kweli, kuombana msamaha peke yake hakutoshi: ilipwe, na mkutano mkuu ujulishwe.

Mapatano yaandikwe kwa lugha ambayo pande zote zinasoma ao kusomewa, yatiwe sahihi, na tarehe ya kurudi kuangalia iwekwe. Mwezi mmoja unatosha. Kama ugomvi ulikuwa wa mizani, siku hiyo waangalizi wasikutane ndani ya biro. Waende stesheni na bidoni ya litre 20. Waipime tupu, waijaze maji, waipime tena mbele ya aliyelalamika: tofauti inapaswa kuwa kilo 20. Ikiwa mizani inasema namba nyingine, isipime kahawa ya mtu mpaka itengenezwe.