Hewa Imefika Kifuani, Je, Imeingia Damuni?



Katika mikutano yetu tunakutana na watu wanaosema hivi: "Nilipuliza mashine hospitalini nikaambiwa napumua sawa, lakini nikipanda kilima pumzi inaisha." Wengine huambiwa ati ni uvivu. Hebu tuelewane.

Mapafu yana kazi mbili. Ya kwanza ni kuingiza na kutoa hewa. Ya pili ni kupitisha oksijeni kutoka vifuko vidogo vya hewa hadi kwenye damu. Ni kama soko. Lori zimeleta vyakula mpaka langoni, lakini lango likiwa bovu, au mikokoteni ikiwa michache, walio ndani watalala njaa. Lango ni ngozi nyembamba ya vifuko hivyo. Mikokoteni ni damu.

Kupuliza mashine hupima kazi ya kwanza tu. Ya pili ina kipimo chake. Daktari Marie Krogh wa Denmark alieleza njia yake mwaka wa 1915. Mgonjwa huvuta hewa yenye kaboni monoksidi kidogo sana, kama sehemu 3 kwa 1,000, huizuia kifuani sekunde 10, kisha huitoa. Mashine huhesabu kiasi ambacho hakikurudi. Hicho ndicho kilichoingia damuni.

Mbona gesi hiyo? Kwa sababu damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndiyo ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Lakini ya kipimo ni kidogo mno, haidhuru.

Matokeo yakiwa chini, huenda mapafu yana makovu, kwa mfano ya vumbi la mawe, au vifuko vimeharibiwa na sigara au moshi. Upungufu wa damu pia hushusha matokeo, kwa hiyo damu nayo ipimwe. Mvutaji asivute sigara siku hiyo.

Kipimo hiki hakipo zahanati, ni cha hospitali kubwa. Basi tufanye nini? Kikohozi kisichoisha kipimwe kifua kikuu kwanza. Anayeishiwa pumzi amweleze daktari kazi alizofanya: machimbo, kupika kwenye moshi, yote. Akitumwa hospitali kubwa, kikundi kimchangie nauli. Tusingoje kuchangia mazishi.