Onyesho la dakika kumi: namna ya kumuonyesha mtu programu yake ya kwanza



Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipotoka Likasi na diploma ya informatiki mkononi, niliombwa niongee na vijana wa kwetu, pembeni ya ziwa Tshangalele, juu ya kuandika programu. Nikatayarisha kurasa 40: historia ya kompyuta, aina za lugha, maana ya kila neno. Kisha dakika 20, kuran ikakatika. Hakuna kijana hata mmoja aliyekuwa ameandika mstari. Msichana mmoja, mama yake anauzisha samaki, akaniuliza: "Yaya, na hesabu yetu ya samaki, iyi mashini inaweza kuifanya?"

Inaweza, tena kwa mistari mitatu. Mimi sikuionyesha.

Siku ile njo nilielewa: onyesho fupi si somo. Kazi yake ni moja tu, mtu atoke pale akiwa ameiamuru mashini kitu, na mashini imetii.

Desturi inataka programu ya kwanza iandike salamu. Brian Kernighan na Dennis Ritchie waliieneza katika kitabu chao cha lugha ya C, mwaka 1978. Ni desturi nzuri: ukiona salamu, unajua kila kitu kimewekwa vizuri. Basi katika Python anza nayo:

print("Jambo, Tshangalele!")

Lakini usiishie hapo. Hata karatasi inaweza kuandika Jambo. Hatua ya pili iwe hesabu ambayo mwanafunzi anaijua kwa kichwa, ili yeye mwenyewe aihukumu mashini. Tuseme kilo moja ya samaki ni 8000 FC:

bei = 8000
kilo = float(input("Kilo ngapi? "))
print("Lipa", bei * kilo, "FC")

Akiandika 3, jibu ni: Lipa 24000.0 FC. Anajua ni kweli. Hapo sasa eleza, mstari kwa mstari. "bei" ni jina tulilobandika juu ya hesabu. "input" inauliza na kungoja jibu. "float" inageuza maandishi kuwa namba. Kwa nini tuigeuze? Usieleze sana, ondoa "float" mbele yao uone: mashini itaandika 3 mara 8000, mfululizo! Watacheka, na hawatasahau tena tofauti ya maandishi na namba.

Sasa, mambo matatu yanayoharibu onyesho kwetu huku.

Ya kwanza ni mkato. Masomoni tulifundishwa kuandika kilo mbili na nusu hivi: 2,5. Python inataka nukta: 2.5. Ukiweka mkato, inasimama na kutoa ujumbe mrefu wa Kiingereza. Mtu wa kwanza kuanza atafikiri ameharibu telefone ya watu, na hatagusa tena. Basi fanya kosa hilo wewe mwenyewe, kwa makusudi. Waonyeshe kwamba mstari wa mwisho wa ujumbe unaitaja ile '2,5', njo pale pa kutengeneza. Wakishaona kwamba kosa linasomwa, woga unapungua.

Ya pili ni alama za maneno. Zile zilizopinda, au «hizi» za Kifaransa, Python haizikubali mahali pa alama zilizonyooka. Mtu akinakili mistari yako kutoka mahali pengine, angalia hizo kwanza.

Ya tatu ni kuran. Ziwa letu lilizaliwa na baraji ya Mwadingusha juu ya mto Lufira, lakini sisi tunafanya mazoezi kwa batri! Kwa hiyo tumia telefone. Pydroid 3 inaendesha Python kwenye Android bila intaneti, mradi umeiweka na kuijaribu nyumbani mapema.

Nilirudi kwa vijana wale na mistari mitatu tu. Telefone ikapita mkono kwa mkono. Yule msichana akaandika 2,5, na ikakataa. Nilikuwa sijatayarisha hilo, yeye njo alinifundisha. Akarekebisha, kisha bila kuniuliza akabadilisha bei, akaweka ya mama yake.

Hapo njo onyesho linapokwisha. Usiongeze. Waachie swali moja tu la kwenda nalo: mtu akinunua kupita kilo 10, tumpunguzie bei namna gani? Jibu wasilipewe siku hiyo. Atakayelitaka atakutafuta.

Wewe uliyesoma, usingoje sala kubwa wala projekta. Andika mistari yako mitatu leo, uijaribu kwanza na mdogo wako nyumbani. Pale atakapokwama, njo pa kurekebisha.