Sentimita Tatu za Mkumbara

Kwenye ramani za Kijerumani za kipimo cha 1:300,000, zile za Paul Sprigade na Max Moisel zilizochapwa Berlin, milimita moja ni mita 300 za ardhi. Nukta ya kalamu ya kawaida inaweza kumeza kitongoji na mashamba yake. Mpima ardhi mstaafu aliyenionyesha jambo hilo hutembea na penseli iliyochongwa ikawa kali kama sindano, na hata hiyo huilalamikia kuwa nene.

Anatafuta kiwanda cha mbao. Wajerumani walikiita Neu-Hornow, kikiwa juu huko kwenye msitu wa Shume, Usambara Magharibi, mali ya kampuni ya Wilkins & Wiese. Nami jina hilo nililikuta nikipekua habari za mkonge, likagoma kunitoka kichwani. Kampuni ilijenga njia ya kamba ya angani, kazi ya kampuni ya Adolf Bleichert ya Leipzig, ikateremsha mbao kwa kilomita zipatazo 9 kutoka Shume hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Kitu cha ukubwa huo kinapoteaje? Niliowauliza walinyoosha mkono, kila mmoja upande wake.

"Kilomita 9 ni milimita ngapi hapa?" mzee aliniuliza, kama mwalimu wa darasa la tano.

Thelathini. Sentimita 3.

"Basi ndiyo safari yote hiyo. Mlima mzima, mitambo, pesa za watu, sentimita 3. Sasa ukikosea unene wa mstari tu, nusu milimita, umekosea mita 150. Msituni mita 150 ni dunia nyingine. Unapita pembeni ya kiwanda, hukioni."

Ndiyo maana haanzii juu. Anaanzia Mkumbara, kwenye reli, kwa sababu reli haikuhama. Treni ilifika Mombo mwaka 1905 na Buiko mwaka 1909, na Mkumbara ipo katikati ya vituo hivyo, kwa hiyo barua yoyote inayozungumzia mbao kupakiwa Mkumbara haiwezi kuwa ya kabla ya reli kupita hapo. Hiyo inampunguzia rundo la majalada. Akishapata mguu wa chini, anaugeukia mlima.

"Barabara itakudanganya, mwanangu. Barabara inazunguka jiwe, inazunguka shamba la mtu. Kamba ya angani haijui kuzunguka. Ikitaka kukata kona ni lazima ijengewe kituo, na kituo ni gharama, kwa hiyo wahandisi wanakwepa kona kadiri wawezavyo. Ukipata nguzo mbili za mstari mmoja, weka rula, twende."

Nguzo anazitafuta kwenye picha. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka mtandaoni maelfu ya picha za enzi za ukoloni, na mzee huzikuza kwenye simu mpaka zinapasuka punje punje. Hatazami nguzo yenyewe. Anatazama nyuma yake, pale mgongo wa mlima unapokutana na mbingu. Miti imekatwa, imepandwa mingine, imekatwa tena. Lakini kibonde kati ya vilele viwili kipo palepale. Husimama barabarani na picha mkononi, akisogea hatua kushoto, hatua kulia, mpaka vilele vikae kama vilivyokaa mbele ya mpiga picha. Nilimwona akifanya hivyo kando ya njia, bodaboda zikimpigia honi, na hakugeuka.

Kwenye karatasi ana ujanja mwingine, na huu ndio ulionikamata zaidi.

"Usitafute kiwanda. Tafuta ugomvi. Kiwanda kinachofanya kazi vizuri hakiandikiwi barua. Lakini maji yakigombewa, mpaka wa msitu ukivukwa, moto ukitoka, hapo bwana misitu ataandika, kampuni itajibu, na mmoja wao atachora ramani ya mkono kuonyesha kwamba mwenzake ni mwongo. Mimi nataka ile ramani ya hasira."

Majalada ya serikali ya Kijerumani yaliyobaki nchini yamo kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam; ya wizara ya makoloni yako Berlin. Hati nyingi zimeandikwa kwa mkono wa Kijerumani cha zamani, ambao hata Wajerumani wa leo unawatoa jasho. Mzee hajui Kijerumani. Amejifunza maumbo ya maneno machache tu, kama vile msumeno, kijito, mkataba na mpaka, na huyatafuta ukurasani kwa sura yake. Akiyapata mawili karibu karibu, ndipo anamwomba mtu amsomee.

Kwa nini kiwanda kiwe mbali hivyo, juu kabisa? Kwa ajili ya mwangati. Mti huo una mbao laini, zinazochongeka vizuri, na viwanda vya penseli vya Ujerumani vilikuwa vinauhitaji kwa sababu mierezi ya Marekani viliyoizoea ilikuwa inapungua. Nilimtajia mzee kwamba huenda penseli yake ni ya ukoo huo. Akaniangalia tu.

Shume ya leo ni shamba la miti la serikali, na misonobari imesimama kwa safu. Anachotarajia kukikuta si jengo. Maranda yameoza, na mtambo wa mvuke msituni huchoma mabanzi ya mbao zake wenyewe, kwa hiyo unaacha majivu ambayo mvua huyachukua. Kinachobaki ni zege la kukalia mashine, lenye boliti zilizozamishwa ndani. Hata boliti hizo ana wasiwasi nazo, maana wanunuzi wa chuma chakavu hawana likizo.

Kuna pia lile la mali ya Mjerumani. Yeyote anayeonekana na ramani ya zamani milimani anadhaniwa anatafuta rupia zilizofukiwa, na usiku wake wengine huenda kuchimba alikosimama mchana. Kwa hiyo mzee haniachii nichapishe alikofikia, nami nimekubali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haimsaidii sana: jengo linalolindwa moja kwa moja ni lililojengwa kabla ya 1863. Kiwanda hiki kimechelewa kwa zaidi ya miaka 40, na kulindwa kwake kunasubiri tangazo la waziri. Nani atamwandikia waziri kuhusu zege lililofunikwa na misonobari? Na likilindwa, litalindwa kwa heshima ya nani?

Hilo la mwisho ndilo lililotuchelewesha mezani. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto, utawala ulileta kipande: mwanamume alitakiwa amfanyie mzungu kazi siku 30 ndani ya miezi minne. Kiwanda kilihitaji watu wa kukata, kuburuta, kulisha msumeno. Jina la mjenzi wa kamba linapatikana kwa dakika kumi mtandaoni. Ya hao wengine?

"Sijaona hata moja," alisema mzee. "Nimeona hesabu ya magogo. Nimeona bei ya kamba. Watu wameandikwa kwa idadi."

Amejaza fomu ya kuomba majalada ya kazi ya wilaya hiyo. Ramani ameikunja kwanza, ameiweka kando, na anasema akipata hata orodha moja ya mishahara itamlazimu aanze kuuliza upya, safari hii ukoo kwa ukoo, badala ya kilele kwa kilele.