KAMOMILI NA PARETO ZISIANIKWE PAMOJA

Ndugu wafanyakazi, baadhi yetu tumeanza kupanda kamomili nyuma ya nyumba ili tupate chai ya maua. Jambo hili ni jema, lakini linataka tahadhari kwetu sisi tunaoishi karibu na mashamba ya pareto, iwe Nakuru, Musanze nchini Rwanda au Mafinga nchini Tanzania.

Mimea hii miwili ni ya jamii moja, na maua yake yote yana petali nyeupe na kiini cha njano. Lakini pareto ni dawa ya kuua wadudu, si kinywaji. Tulipasue ua kwa wembe: kiini cha kamomili kina uwazi ndani na hunukia kama tofaa, cha pareto ni kikubwa na kimejaa. Ua lenye shaka litupwe.

Tuchume asubuhi umande ukishakauka. Tuyatandaze maua tabaka moja juu ya kitambaa safi, kivulini penye hewa, kwani jua kali hupoteza harufu. Yakivunjika vidoleni yamekauka. Tuyatie kwenye kopo lenye kifuniko. Kilo 5 mbichi hutoa takriban kilo 1 kavu. Magunia ya pareto, mbolea au dawa yasitumike kamwe.

Aliyewahi kuwashwa ngozi au kubanwa kifua kwa pareto asinywe chai hii, maana huenda mwili ukaikataa kamomili vilevile.

Tukumbushane haya katika mikutano ya matawi. Afya ndiyo mtaji wa mfanyakazi.