Malaria Inayojificha Kwenye Kondo la Nyuma

Mama mjamzito anaweza kujihisi mzima, akauza bidhaa zake Malaba au akavuka mpaka wa Busia kila siku, kumbe vijidudu vya malaria vimejificha kwenye kondo la nyuma. Wakati mwingine hata kipimo cha damu ya kidole hakivioni.

Vinachoshikilia ni kondroitini salfeti, mnyororo mrefu wa sukari wenye chembe za salfa, unaotengenezwa na mwili wenyewe. Kwenye gegedu za magoti, mnyororo huu hushika maji na kuvifanya viungo vistahimili uzito. Kwenye kondo la nyuma, chembe nyekundu za damu zenye vijidudu hunata juu yake, zikakwepa wengu, ambao kwa kawaida huziondoa. Mama hupungukiwa na damu, mimba yaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na uzito mdogo.

Siri hii ilifichuliwa kwa uchunguzi uliofanywa magharibi mwa Kenya. Mwaka 1996, watafiti Michal Fried na Patrick Duffy walieleza jinsi vijidudu vya kondo hunata kwenye sukari hii. Baadaye ilitambuliwa protini ambayo kijidudu hutumia kunata, iitwayo VAR2CSA. Chanjo zinazoilenga zimeanza kujaribiwa kwa binadamu, lakini hakuna iliyoidhinishwa.

Mimba ya kwanza ndiyo iliyo hatarini zaidi. Kinga ambayo mama aliipata utotoni haijawahi kukutana na vijidudu vya aina hii. Hujengeka polepole katika mimba zinazofuata.

Kwa sasa, kinga iliyopo ni dawa ya SP, inayotolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Kuanzia wiki ya 13 ya ujauzito, mama humeza vidonge 3 kwa pamoja mbele ya mhudumu, na kurudia katika kila ziara ya kliniki, mradi wiki 4 zimepita. Anahitaji angalau dozi 3 kabla ya kujifungua. Anayetumia septrin kila siku hapewi SP. Amjulishe mhudumu mapema.

Uganda pia hutoa SP. Kwa hiyo mama anayehudhuria kliniki pande zote mbili za mpaka abebe kijitabu chake cha afya ya mama na mtoto, ili tarehe ya dozi ya mwisho ionekane. Na kila usiku alale ndani ya neti yenye dawa.